Pikapu Tatu Mbele ya Dirisha Langu

Jumatatu, 11 Machi

Daftari hili la gari lilikuwa la Athumani, mume wangu. Kurasa nane za mwanzo ni mwandiko wake: siku aliyobadili oili, siku aliyobadili filta, siku springi ya nyuma ilipokatika kule Kiroka. Kurasa zilizobaki nimeona niandike mimi. Niko kwenye eda tangu alipofariki mwezi wa Januari, na sitatoka hapa nyumbani mpaka mwisho wa Mei. Masika yameanza leo.

Jumanne, 12 Machi

Mwezi mosi Ramadhani. Mvua.

Jumamosi, 16 Machi

Mjomba Ahmadi alikuja baada ya alasiri. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo nilimsikiliza hadi mwisho.

"Zuhura," alisema, "ile pikapu nyekundu imekufa hata kabla ya mwenyewe. Silinda hedi imepasuka, bodi imeoza. Tuiuze chuma chakavu, tuongeze alichoacha marehemu, tununue nyingine. Watu wanangoja."

Ni kweli wanangoja. Wakulima kumi na wawili wa huku juu ya Kinole walikuwa wanampa Athumani ndizi na machungwa ayashushe Morogoro, na mimi nikiwa mmoja wao. Sasa ndizi zinaivia migombani. Kilichopo kinatosha gari moja tu. Tukikosea, ya pili haipo, na njia ile itakuwa ya watu wengine. Hata Mosi, aliyeshika usukani Athumani alipoanza kuumwa, ameitwa na mtu wa Ngerengere mwenye lori. Amesema atanisubiri mpaka eda iishe, zaidi ya hapo hawezi. Simlaumu. Ana watoto watatu.

Nikamwambia mjomba magari yaletwe hapa uani, mimi nitachagua.

Alicheka mpaka akakohoa. "Utachagua gari kwa kusikia sauti, kama mtu anayemjua kuku wake gizani?"

"Miaka ishirini na miwili, mjomba, nimekuwa nikijua gari la mume wangu limefika kona gani kwa kulisikia tu. Nikisikia limeshika gia ya pili, naweka maji ya ugali."

Mwishowe akasema, "Haya."

Jumapili, 17 Machi

Nimekumbuka Athumani alivyokuwa anapaka kioo cha mbele tumbaku mvua zikianza. Gari zima lilinuka tumbaku mpaka Juni.

Jumatano, 20 Machi

Fundi Sufiani amekuja. Alikaa barazani, mimi nikiwa ndani nyuma ya pazia. Sijawahi kumpenda sana mtu huyu. Alikuwa fundi wa Athumani kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo Athumani alilalamika kwamba akimwita asubuhi anafika jioni. Hata mazikoni alichelewa, akaja na shati lenye grisi.

"Shikamoo" hatuna baina yetu, tuko rika moja. Alisema, "Pole na eda, shemeji." Nikamshukuru, nikamuuliza moja kwa moja injini ipi ya dizeli ni nzuri.

"Swali hilo sijui kulijibu," alisema. "Niambie kwanza itafanya kazi gani."

Kisha akauliza yeye. Mikungu mingapi kwa safari moja? Safari ngapi kwa wiki? Dizeli mtanunua wapi? Mosi akiumwa nani ataendesha? Ikiharibika Mkuyuni nani ataifungua? Kila nikijibu alikaa kimya muda mrefu, nikadhani amelala. Mwishoni akasema, "Nitatafuta," akaondoka. Chai hakuulizia, maana amefunga, lakini hata hali ya hewa hakuitaja.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua siku tatu mfululizo. Barabara haipitiki.

Alhamisi, 4 Aprili

Chausiku, jirani yangu, amebeba mkungu wake kichwani mpaka Mkuyuni na kurudi na chumvi na sabuni. Alinionyesha shingo. "Dada Zuhura, tafadhali chagua upesi, shingo yangu imeingia kifuani kama ya kobe." Alicheka mwenyewe. Anaamka kabla ya kila mtu hapa, ana shamba la watu wawili na anaishi peke yake, na bado anakuja kunipa habari za nje kila siku. Sijui kama nimewahi kumwambia ninavyomheshimu.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Nimepika pilau. Nilipakua sahani moja zaidi, nikairudisha sufuriani.

Jumamosi, 13 Aprili

Pikapu ya kwanza imekuja leo. Ni nyeupe, kebini mbili, ya mtumishi mmoja wa serikali wa mjini. Nilisogeza kiti dirishani. Ilipanda kilima chetu bila kelele, na nilishtuka kuiona uani kabla sijaisikia vizuri.

Mjomba alikuwa ameipenda tayari tangu mjini. "Lita tatu! Ina turbo! Sindano za dizeli zinaongozwa na kompyuta! Ukikanyaga, mlima unakuwa uwanja wa mpira." Alifungua na kufunga milango yote minne. Chausiku aliingia akakaa siti ya nyuma, akanipungia mkono kama mke wa waziri.

Na mimi nimeipenda, niseme ukweli. Injini imefunikwa juu, imepangwa vizuri kama kabati la vyombo. Hata ikiwa inaunguruma, Mosi alisimamisha kikombe cha maji juu yake na maji hayakumwagika.

Fundi Sufiani alimtuma Mosi dukani akanunue dizeli ile tunayouziwa hapa kwenye madumu, akaijaza kwenye chupa ya maji, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha langu. "Usiiguse, shemeji. Nitakuja kesho."

Nikamwona mtu wa vituko.

Jumapili, 14 Aprili

Asubuhi chini ya chupa maji yamejitenga, vidole viwili, na chini ya maji kuna tope jembamba.

Sufiani alikuja, akaita watu wote waione. Akasema taratibu, "Injini ile nyeupe ni ya ajabu. Walioiunda ni watu wenye akili kuliko mimi. Inasukuma dizeli kwa nguvu kubwa kupitia vitundu vyembamba kuliko unywele, ndiyo maana haina kelele na ina nguvu. Ukiinywesha dizeli safi, utaifurahia miaka mingi. Ukiinywesha hii, sindano zote nne zinakufa, na kuzipima kunataka mashine ambayo mimi sina."

"Basi tutanunua dizeli mjini," mjomba alisema.

"Na wiki ile barabara ilipokatika, mzee wangu?"

Mjomba alitazama chupa. Chausiku akaongeza, "Halafu mbele wanakaa mabwana watano, nyuma mkungu wangu unalala na miguu nje."

Pikapu nyeupe imerudi mjini. Mjomba aliisindikiza kwa miguu mpaka kona.

Ile chupa sijaitupa. Miaka yote Athumani alikuwa anachuja dizeli kwa kitambaa cha kanga yangu ya zamani, na mimi nilidhani ni uchoyo wa kununua filta.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo nitaandika mengi.

Niko jikoni nachambua mchele, nikasikia gari la Athumani linapanda kilima. Nasema la Athumani kwa sababu ndivyo nilivyolisikia. Mgongano ule mzito wa dizeli ya zamani, ule wa kuhesabika, halafu pale kwenye kona ya mwisho lilipunguza, likashika gia ya pili. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye sufuria ya maji kabla sijakumbuka.

Ilikuwa pikapu ya pili. Ni ya bluu, kebini moja, lita mbili nukta nane, haina turbo wala kompyuta. Mwenyewe ni mkulima wa mpunga wa Turiani, jina lake Baraka, mtu mpole mwenye kofia ya pama. Ilisimama uani na kuunguruma, na vyombo kabatini vikawa vinatetemeka kidogo kama vilivyokuwa vinatetemeka kila jioni kwa miaka ishirini na miwili.

Nililia, na sikulia kwa siri. Chausiku aliingia akanishika mabega. Nikasema kwa sauti, walio nje wasikie, "Hii. Nunueni hii. Msilete nyingine."

Mjomba alisema, "Umesikia, Sufiani? Neno limetoka." Mosi naye alifurahi, maana injini ya namna hii anaijua kama kiganja chake.

Sufiani alikuwa amesimama mbele ya bonneti, hajaifungua. Akasema, "Ilale hapa."

"Ilale?" Baraka aliuliza. "Gari ni mgeni?"

"Imepanda mlima, imechemka. Injini iliyochemka inawaka hata ikiwa mgonjwa. Nataka kuiona ikiwa baridi."

"Mimi nina mpunga wa kuvuna, fundi."

"Nawe ulale kwa mzee Ahmadi. Ana kitanda."

"Kitanda kimoja!" mjomba alisema, na watu wakacheka, ila mimi. Nilikuwa nimekasirika. Nilisema kutoka ndani, "Fundi, gari ni langu na mimi nimeshasema." Alijibu, "Ndiyo, shemeji. Ilale tu."

Jumapili, 21 Aprili

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa dirishani. Ukungu ulikuwa umefunika migomba. Sufiani alifika mapema kuliko wote. Yeye, ambaye siku zote huchelewa. Aliweka kiganja kwenye bonneti kuhakikisha hakuna aliyeiwasha kabla yake, kisha akamwambia Mosi apige stata.

Mara ya kwanza haikuwaka, ya pili vilevile. Mara ya nne iliwaka, ikatoa moshi mweupe mwingi mpaka banda la kuku likapotea. Sufiani akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza, akakiweka juu ya tundu bila kukikaza. Kifuniko kikawa kinarukaruka. Pumzi ilikuwa inatoka mle ndani kwa nguvu, kama mtu anayehema.

Hakunitazama wala hakueleza. Alisogea tu pembeni, ili niweze kuona kutoka dirishani, akakiacha kifuniko kiruke.

Baraka alivua kofia. "Nilijua inakula oili kidogo," alisema. "Hili sikulijua."

"Injini ya aina hii ni nzuri sana," Sufiani alimwambia. "Hii moja imefanya kazi yake, imechoka, pumzi inavuja ndani kwa ndani."

Nikafunga dirisha.

Jumatatu, 22 Aprili

Sikuongea na mtu.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Sikuongea na mtu.

Jumatano, 24 Aprili

Sufiani amekuja bila kuitwa. Alikaa barazani kama kawaida yake, nikamwacha. Mvua ilikuwa inapiga bati, na nilijua hawezi kuondoka. Baada ya muda alisema:

"Shemeji, ile sauti na mimi niliisikia. Ile nyekundu niliifungua na kuifunga miaka kumi na tano. Jumamosi ile nilisimama mbele ya bonneti nikashindwa kuifungua. Ndiyo nikasema ilale."

Nilipitisha kikombe cha chai chini ya pazia. Alikinywa, akauliza, "Mnaweka tangawizi na pilipili manga?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Marehemu alikuwa anasema," akakirudisha kikombe.

Nimekaa nikifikiri. Nilikuwa tayari kutoa kila kilichobaki ili sauti ile iendelee kupanda kilima. Ingepanda mwezi mmoja au miwili, halafu ingefia njiani na mikungu ya Chausiku mgongoni, na mimi ningekuwa nimezika mara mbili. Mtu huyu aliliona jambo hilo, akanipa nafasi nilione kwa macho yangu. Na ule uchelewaji wake wa miaka yote, sasa nadhani alikuwa kwenye uwanja wa mtu fulani akingoja injini ipoe.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua. Machungwa yanaanguka. Mosi alikuja kusalimia, akasimama kwa mguu mmoja kisha mwingine. Yule wa Ngerengere amepiga simu tena.

Jumanne, 7 Mei

Hakuna gari.

Jumapili, 12 Mei

Hakuna gari. Mjomba anasema tungechukua ile nyeupe. Nimemwonyesha chupa.

Jumamosi, 18 Mei

Pikapu ya tatu. Imetoka Gairo, ilikuwa inabeba mahindi na karanga. Ni ya kijivu, kebini moja, bodi ndefu, imekwaruzwa pembeni yote. Muuzaji ni kijana anaitwa Erick, anaongea bila kituo.

"Mama, shikamoo! Hii ni chuma! Lita mbili na nusu, turbo, foo-wili, gia nzito ya kupandia ipo, haijawahi kuniangusha, wallahi, ingawa mimi Mkristo!"

"Lita mbili na nusu?" Mjomba alikunja uso. "Hiyo ni mashine ya kusaga unga. Tumekataa lita tatu tuje kuchukua hii?"

Sauti ya gari lenyewe sikuipenda. Ni nyembamba, na kila ikikanyagwa kuna mluzi ndani yake, kama mtu anayepuliza kati ya meno. Haikunikumbusha chochote.

Lakini Sufiani alikuwa ameinama ndani ya injini na kwa mara ya kwanza nilimsikia anaongea bila kuulizwa. "Njoo dirishani, shemeji. Unaona hiki kikonokono cha chuma? Hii ndiyo turbo. Moshi unaotoka, ambao ile nyekundu ilikuwa inautupa bure, humu unazungusha feni. Feni inasukuma hewa ndani. Hewa ikiwa nyingi, dizeli inaungua vizuri. Kwa hiyo injini ndogo inapata kifua cha kubwa. Na pampu yake ni ile ya zamani, ya chuma, haina kompyuta. Tukiiwekea filta mbili na kumwaga maji kila wiki, dizeli ya dumu itaivumilia."

Nilimwomba arudie pale pa moshi. Akarudia. Nimekaa na jambo hilo jioni nzima. Kuna mtu mahali fulani alitazama kitu kinachotupwa na watu wote, akaona kinaweza kuvuta mzigo. Ningependa kumwamkia mtu huyo.

Imelala hapa. Erick amelala kwa mjomba. Kitanda kimoja.

Jumapili, 19 Mei

Baridi na ukungu. Stata moja, ikawaka. Moshi kidogo, ukaisha. Kifuniko cha oili kilitulia mahali pake kikitetemeka tu. Erick alitoka amejifunga blanketi la mjomba, akasema, "Si niliwaambia?" Mjomba akasema, "Rudisha blanketi."

Nilidhani tumemaliza. Sufiani akasema bado, haijaonja kazi yenyewe. Akamtuma Chausiku kwa wakulima, kila mtu alete mikungu. Mvua ilikuwa inanyesha na bado walikuja wote, akina mama wenye mikungu vichwani na magunia ya machungwa mgongoni, wakaijaza mpaka springi zikanyooka. Mpango wake ulikuwa huu: ishuke mpaka chini ya mteremko wetu, ule wa utelezi, igeuke, ipande, na katikati ya mteremko isimame kabisa. Kisha iondoke kutoka kusimama.

"Pale?" Mosi aliuliza. "Fundi, pale hata mbuzi anashika ukuta."

"Ndiyo maana."

Kutoka dirishani mteremko hauonekani. Nilibaki na masikio. Ilishuka polepole kwa gia nzito, injini ikiizuia yenyewe. Kimya. Ikageuka. Ikaanza kupanda, mluzi ukaja, nikausikia unapita kwa Chausiku, unapita kwenye mgomba wa mpaka. Halafu ikasimama. Mvua tu. Nilishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Nikawaza Mosi na Ngerengere, nikawaza shingo ya Chausiku, nikawaza kwamba baada ya hii hakuna pengine pa kutafuta.

Injini ikaongeza. Sauti ikashuka, ikazama, ikawa kama inataka kuzima, na watu wakaguna wote kwa pamoja. Kisha ule mluzi ukaanza chini kabisa, ukapanda, ukakaza, nikasikia matairi yanauma tope, na sauti ya Chausiku juu ya zote: "Inakuja! Dada, inakuja! Mama yangu, inakuja na kila kitu!"

Iliingia uani imepakwa tope mpaka kwenye kioo. Mjomba alikuwa amesimama nyuma juu ya ndizi, ameshika bomba, kofia haipo. Sijui alipanda saa ngapi. Alinitazama dirishani, akajaribu kurudisha uso wa mjomba, akashindwa. "Hii mashine ya kusaga," alisema, "inasaga mlima."

Nikasema, "Fundi, wewe unasemaje?"

"Mimi nimeshatazama. Sasa sema wewe."

Sauti ile ilikuwa bado ngeni kwangu. Nikasema tunaichukua.

Ijumaa, 24 Mei

Mosi amempigia mtu wa Ngerengere mbele yangu, yeye barazani na mimi ndani, na kumwambia asimsubiri. Kisha akaosha gari ambalo lilikuwa limeshaoshwa.

Ijumaa, 31 Mei

Eda imeisha. Nimeoga, nimebadili nguo, tumesoma dua baada ya swala ya Ijumaa. Sufiani alifika wa kwanza, na shati jeupe. Nilimwona uso kwa uso baada ya miezi yote hii ya pazia na dirisha. Ana mvi nyingi kuliko nilivyokumbuka. Nilimwambia asante. Alisema, "Kaza nati za matairi baada ya safari ya kwanza," akala pilau.

Jumamosi, 1 Juni

Nimeshuka Morogoro na gari. Nilikaa mbele na Mosi, Chausiku kati yetu, nyuma mikungu arobaini na magunia ya machungwa. Mvua zimekwisha na milima imeoga. Kuanzia Mkuyuni mpaka Bigwa Chausiku alisimulia habari za ndoa ya binti wa shangazi yake, na tulipofika lami ndipo nilipogundua kwamba njia nzima sikuwa nimeisikiliza injini.

Sokoni wachuuzi walitukimbilia kabla hatujasimama. Wengine walimtambua Mosi, wakaanza kuuliza, "Huyo ni mke wa Athumani? Wa marehemu?" Nikaona nyuso zinakuja dirishani, nyuso za watu niliosikia majina yao miaka yote, zote zina pole ya kunipa. Miezi minne na siku kumi sijakanyaga nje ya ua wangu. Mkono ulikuwa kwenye kitasa na haukufungua.

Mosi aliweka breki ya mkono, lakini hakuzima.

"Mbona huzimi?" Chausiku alimuuliza.

"Turbo bado inazunguka. Ukizima ghafla baada ya safari ndefu, inakosa oili ikiwa moto. Fundi kasema tuiache kwanza dakika mbili ipoe, ndipo tuzime."

"Na hawa watu wote?"

"Watasubiri. Ni injini, si redio."

Chausiku akafunga mdomo, jambo la nadra. Tukakaa, watatu. Injini iliunguruma taratibu chini ya miguu yetu, na nje watu waligonga bodi na kuuliza bei. Nikavuta pumzi, nikafunga vizuri mtandio wangu.

"Tayari," Mosi alisema, akazima.

Nikafungua mlango, nikashuka.